Tauria ya Ardhi na Soksi za Fedha

Kila yanapoingia majira ya baridi katika nchi za kaskazini, wauzaji wa afya huko Marekani, Kanada na Ujerumani hutoa mzigo wao wa soksi. Soksi hizo zimefumwa kwa nailoni iliyopakwa fedha, ile fedha ya vidani na bangili, au kwa nyuzi za kaboni, ili umeme upate kupita kutoka unyayoni mwa mvaaji hadi ardhini, na kutoka ardhini hadi unyayoni. Nadharia yao inasema kwamba binadamu alianza kuugua siku alipovaa kiatu cha mpira, kwa kuwa kiatu hicho kilimkatia elektroni za ardhi. Akirejea kukanyaga udongo kwa miguu mitupu, usingizi utamrudia, uvimbe utanywea na moyo utatulia. Na kwa kuwa ni wachache wawezao kutembea peku katika theluji ya Januari, soksi ndiyo njia, kwa madai yao, ya kuipata ardhi bila ya kuipata baridi.

Hoja ya makala haya ni kwamba soksi hiyo imesimama juu ya neno moja la Kiingereza, na kwamba msomaji wa mashairi, ambaye ada yake ni kuyapima maneno kabla ya kuyameza, ana haki kuliko mtu mwengine yeyote ya kuikataa.

Kwa Kiingereza, neno lile lile analolitumia fundi umeme anapofunga waya wa kwenda ardhini hutumika pia kumsifu mtu mwenye akili iliyotulia, asiyepeperushwa na kila upepo. Wajerumani nao wanalo neno la namna hiyo hiyo. Wanafasihi huiita hali hii tauria, yaani neno moja kubeba maana mbili, ya karibu na ya mbali, na msikilizaji akaachiwa raha ya kuchagua. Katika shairi tauria ni pambo. Dukani ni mtego, maana mnunuzi huonyeshwa waya na kuuziwa utulivu, na kwa kuwa jina ni moja hashtuki kwamba bidhaa ni mbili.

Mtu na ajaribu kuihamishia tauria hiyo katika Kiswahili aone itakavyomfia mkononi. Mswahili aliyetulia ametulia kama maji mtungini. Utulivu wa lugha hii umo majini, kwenye bahari shwari na kisima kisichotibuliwa. Ardhi ina kazi nyengine. Udongo humkumbusha msikilizaji asili yake na kaburi lake. Fundi wa Mkunazini au wa Chake Chake akifunga waya wa ardhini hamtii mtu utulivu wa moyo. Anazuia friji isimpige shoti mwenye nyumba. Nadharia ambayo yanguka kwa kuvushwa tu kutoka lugha moja hadi nyengine ina deni kubwa la ushahidi.

Atatokea mbishi aseme kwamba maumbile hayangoji lugha, na kwamba jambo laweza kuwa kweli hata kama Kiswahili hakina tauria yake. Ni sawa, na kwa ajili yake hapana budi kuyaacha maneno kwa muda na kuitazama soksi yenyewe, pamoja na mtu aliyeianzisha safari yake.

Mwenye kuipa nadharia hii umbo lake la leo ni Clint Ober, Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi katika biashara ya televisheni za waya. Katika biashara hiyo, waya usiounganishwa na ardhi huchafua picha. Mwaka 1998 alijiuliza kama mwili wa binadamu nao hauchafuki kwa sababu iyo hiyo. Akatandaza utepe wa chuma juu ya kitanda chake, akautoa waya dirishani hadi kwenye fimbo aliyoichomeka nje, akalala. Alilala vizuri. Mwaka 2010 kikatoka kitabu, Earthing, alichokiandika pamoja na daktari wa moyo Stephen Sinatra na mwandishi Martin Zucker. Na sokoni zikajaa shuka, mikeka, bangili na soksi. Njia aliyoipita mtu huyu iko wazi: televisheni hutulia ikiungwa na ardhi, mwili ni mfano wa televisheni, basi mwili nao utatulia. Kwa mshairi hiyo ni tashbihi, wala si tashbihi mbaya. Kwa daktari haijawa kitu mpaka ipimwe.

Imepimwa, lakini kidogo. Utafiti unaotajwa mara kwa mara ni ule wa Maurice Ghaly na Dale Teplitz wa mwaka 2004, juu ya usingizi na homoni ya kortisoli. Waliopimwa walikuwa watu 12, kwa muda wa wiki 8, na hapakuwapo kundi la pili la kulinganisha nalo. Watu 12 hawajazi hata dau moja la wavuvi, seuze kujengewa tiba ya ulimwengu mzima. Yako pia mapitio ya mwaka 2012 ya Gaétan Chevalier na wenzake, yanayonukuliwa kila palipo na soksi ya kuuza. Baadhi ya waandishi wake walieleza wenyewe humo kwamba wana hisa katika kampuni iliyofadhili tafiti za aina hiyo. Kueleza huko ni uungwana. Ila ni uungwana ambao muuzaji, anaponukuu, huuruka.

Ama umeme wenyewe, sheria zake hazina siri. Mwili ukigusa ardhi hulingana nayo kwa chaji, na jambo hilo humalizika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna ghala ndani ya mwili la kujazwa elektroni usiku kucha mfano wa pipa chini ya mfereji. Zipo kazi ambazo mavazi ya kupitisha umeme yanahitajika kwa dhati: katika viwanda vya vifaa vya elektroniki, ambako cheche ndogo isiyohisiwa na kidole hutosha kuharibu kipande cha kompyuta, mafundi hufungwa mikanda visiginoni, na mafundi wa nyaya za umeme mkubwa, wanaozishika nyaya zikiwa hai, huvaa suti nzima zenye nyuzi za chuma, pamoja na soksi zake. Watu hao hawatafuti usingizi mwema. Wanataka kazi isiharibike, au wanataka kurudi nyumbani wakiwa hai.

Sasa ije baridi, maana hapo ndipo soksi inapojikana yenyewe. Soksi ya sufu humtia mtu joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa baina ya nyuzi zake. Hewa hiyo haipitishi joto upesi, na umeme haiupitishi. Soksi ya fedha, kwa upande wake, inataka mguso: ngozi iguse uzi, uzi uguse soli, soli iguse ardhi, na katika kila mguso unyevu kidogo ndio unaofungua njia. Kwa hivyo mnunuzi ameahidiwa vitu viwili vinavyogombana. Akitaka joto, mguu wake uwe mkavu na uwekwe mbali na ardhi. Akitaka umeme, mguu uwe na majimaji na ukaribiane na ardhi. Muuzaji mjuzi atajibu kwamba sufu yaweza kuchanganywa na nyuzi za fedha. Naam, yaweza. Lakini mtu huyo atatoka nje na kiatu, na kiatu cha majira ya baridi kina soli nene ya mpira, iliyowekwa pale makusudi. Umeme uliovuka soksi utakwama hapo. Basi avae kiatu cha soli ya ngozi: ngozi kavu hupitisha kidogo mno, na ngozi iliyorowa, ambayo hupitisha, ndiyo ile ile inayoingiza maji ya theluji vidoleni.

Na ardhi je? Theluji kavu na barafu hupitisha umeme kwa shida, na udongo ulioganda huukinza umeme mara nyingi zaidi kuliko udongo ule ule wakati wa kiangazi. Fundi umeme wa kaskazini halihitaji somo hili. Kanuni za Marekani zinamtaka achomeke fimbo ya ardhini yenye urefu wa karibu mita 2.4, ili aupate udongo wenye unyevu chini ya ule unaokauka na kuganda. Soksi inagusa tabaka lile lile ambalo fundi amelipita kwa nyundo kwa kuwa halimfai. Lami ya barabarani nayo haina msaada, wala sakafu ya mbao iliyopakwa vanishi. Zege yenye unyevu hupitisha. Lakini nani atasimama juu ya zege yenye unyevu, kwa soksi, katika mwezi wa Februari, kwa ajili ya kupumzika?

Mwenye kushikilia kununua ana mambo ya kuuliza kabla ya kutoa pesa zake. Aombe soksi ipimwe kwa mita ya umeme kutoka wayo hadi kifundo, kwani nyuzi za fedha zilizotiwa mstari mmoja kwa ajili ya urembo hazifanyi kazi ya soksi iliyofumwa nazo wayo mzima. Aulize itadumu mifuo mingapi. Fedha iliyopakwa juu ya nailoni huchubuka kwa msuguano, husawijika kwa jasho, na huharibiwa na dawa za kung'arishia nguo. Wauzaji wenyewe huandika kwa herufi ndogo kwamba isitiwe dawa hizo wala ile ya kulainisha. Soksi ambayo adui yake mkubwa ni mguu utokao jasho ni kichekesho.

Walioshindwa na theluji hushauriwa kukaa ndani, wakavaa soksi zao juu ya mkeka wenye waya unaochomekwa kwenye tundu la ardhini la soketi. Hapa mzaha unakwisha. Tundu hilo liliwekwa ili lipokee umeme uliopotea njia. Katika nyumba kongwe huenda halina waya nyuma yake, au waya wake umekatika na hakuna ajuaye. Mtu aliyejifunga nalo, kisha akashika taa mbovu, amejifanya yeye kuwa njia fupi ya umeme kuelekea ardhini. Mikeka iliyotengenezwa kwa uangalifu hutiwa kizuizi ndani ya waya ili kuupunguza umeme usiue. Isiyotengenezwa kwa uangalifu huuzwa kwa bei nafuu, na kwa jicho la mnunuzi zote mbili zafanana.

Hoja ya mwisho ya wauzaji, nayo ndiyo inayowaingia watu wa mwambao, ni ile ya wazee. Wazee walitembea peku, husemwa, na walikuwa na afya. Hoja hii inataka kujibiwa kwa historia, kwa kuwa miguu mitupu haikuwa na maana moja kila mahali.

Katika kijiji cha Wörishofen, Bavaria, padri Sebastian Kneipp aliwatembeza wagonjwa wake peku juu ya majani yenye umande, juu ya mawe yaliyorowa, na hata juu ya theluji iliyoanguka punde. Kitabu chake cha tiba ya maji kilitoka mwaka 1886, na wakubwa wa Ulaya wakamiminika kwake kuvua viatu. Kneipp hakutaja elektroni. Alitaka baridi yenyewe iuzoeze mwili, kwa dakika chache, kisha mtu avae soksi kavu na atembee mpaka apate joto. Soksi kavu! Mzee huyo, ambaye wauzaji wa leo humweka katika ukoo wao, aliijua tofauti ambayo wao wameisahau.

Kneipp alifariki mwezi Juni mwaka 1897. Miezi miwili kabla yake, Aprili 1897, ilitolewa Zanzibar amri ya kuufuta utumwa kisheria. Katika miji ya mwambao ya karne ile, miguu peku na kichwa kitupu vilikuwa miongoni mwa alama za mtumwa. Kiatu, kofia na mtalawanda vilikuwa vya muungwana. Waliotoka utumwani na wana wao walipopata uwezo walivaa kofia, kanzu na viatu, na kila aliyewaona barabarani alifahamu wanasema nini. Mtu aliyekwenda peku kwa kulazimishwa hawezi kuhesabiwa kuwa ni shahidi wa tiba. Mkuu wa Ulaya alivua viatu akijua kwamba vinamngoja mlangoni.

Wala ardhi haikuwa mpole kwa miguu hiyo. Minyoo ya safura huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mguu unaokanyaga udongo wenye kinyesi, ikafika utumboni, ikanyonya damu. Pemba inaijua vyema. Tafiti zilizofanywa kisiwani humo katika miaka ya 1990 zilionyesha jinsi safura ilivyokuwa ikiwamaliza damu watoto wa skuli. Na Marekani ilikuwa ikiijua vilevile. Mwaka 1909 tajiri John D. Rockefeller alitoa dola milioni moja kupambana na safura katika majimbo ya kusini mwa nchi yake, na miongoni mwa waliyohimizwa wakulima maskini wa huko ni kujenga vyoo na kuwavisha watoto wao viatu. Baada ya miaka mia moja, nchi iyo hiyo ikaanza kuwauzia matajiri wake soksi ya kuwarejesha walikotolewa maskini wake. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Kidonda hicho, kwa baadhi ya watu, si cha methali. Katika London na Toronto wanaishi wazee wa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa waliowafuata watoto wao ughaibuni, na wengi wao wana kisukari. Maradhi hayo yakikaa mwilini miaka mingi huua hisia za miguu. Mzee wa namna hiyo aweza kusimama juu ya msumari asijue; aweza kuacha vidole vyake vigande kwa baridi, asisikie maumivu yoyote ya kumwonya. Madaktari humwagiza aikague miguu yake kila siku, aikaushe baina ya vidole, na asitembee peku hata ndani ya nyumba. Kila sharti la nadharia ya ardhi linapingana na agizo hilo, neno kwa neno: pale panapotakiwa ukavu inataka unyevu, na pale panapotakiwa kiatu inataka wayo ushuke chini. Mtoto mwema anayemnunulia mama yake soksi za fedha na kumtoa bustanini asubuhi ya barafu, akaambiwa atapata usingizi, yuko mbioni kumpeleka hospitali. Wapo waliokatwa vidole kwa kosa dogo kuliko hilo.

Yafaa ikumbukwe kwamba mzee huyo ameijua soksi yenye masharti kabla ya hawa wauzaji. Khufu, ile soksi ya ngozi, huvaliwa baada ya udhu, na anayechukua udhu tena huipangusa kwa maji juu yake bila ya kuivua: mkaazi mchana na usiku wake, msafiri siku tatu na usiku wake. Ni tahfifu, na kwenye baridi kali ni rehema. Hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba ngozi hiyo itamponya baridi yabisi.

Watetezi watasema kwamba waliovaa soksi za fedha wamepata nafuu, na hakuna sababu ya kuwaita waongo. Mtu aliyetoka nje kila asubuhi, akatembea, akaona jua, akaiacha simu ndani, atalala vizuri zaidi usiku. Soksi imekwenda naye matembezini ikapewa sifa za matembezi. Lakini kwa mtu wa pwani aliyeko mbali liko jambo jengine tena linalouzwa ndani ya pakiti ile, nalo ni hamu. Aliyekulia Nungwi au Shela anaukumbuka mchanga wa maji kupwa, ulivyo mgumu na wenye mikunjo, na ulivyo baridi chini ya wayo kabla jua halijapanda. Hamu hiyo ni ya kweli, na washairi wa ughaibuni wameibeba kwa miaka bila ya kudai kwamba shairi hupunguza shinikizo la damu. Kuichukua hamu hiyo, kuibandika neno la kisayansi na kuitia bei ni wizi wa mali ya mashairi. Theluji ya Toronto si mchanga wa Shela, hata ikikanyagwa kwa uzi wa thamani gani.

Lakini Kiswahili nacho, kilichonyimwa tauria ya ardhi, kimepewa yake. Lugha hii haikuona haja ya kuutenga uzi na bei yake: fedha ndiyo iliyomo katika soksi, na fedha ndiyo iliyomtoka mnunuzi. Mswahili anayezitaja soksi hizo kwa jina lake amekwisha kueleza biashara nzima.

Kwa waliokwisha kuzinunua, hakuna haja ya kuzitupa. Fedha hudhoofisha vijidudu vinavyoifanya soksi inuke, na sifa hiyo, iliyo ya kweli, aghalabu huandikwa chini kabisa ya pakiti. Zivaliwe kwa ajili hiyo. Juu yake ivaliwe jozi ya sufu, nene na kavu, kisha kiatu chenye soli ya mpira.